Pongezi Zinazodumaza Kalamu
Mwaka jana niliwatumia wenzangu kumi na wawili hadithi yangu fupi kwa barua pepe. Tisa walijibu: "Hongera, kalamu yako ina makali!" Mhariri aliyeisoma baadaye aliuliza swali moja tu: yawaje mhusika afariki ukurasa wa 4, kisha azungumze ukurasa wa 7? Hakuna mwenzangu aliyeliona hilo. Pengine hakuna aliyeisoma.

Kundi la kuhakikiana mtandaoni halihitaji umati. Watu sita wanatosha, hadithi moja kila baada ya majuma mawili, na sharti lisilolegezwa: asiyeandika maoni kuhusu kazi ya mwenzake, yake haisomwi. Mwandishi naye anyamaze hadi wote wamalize. Hadithi ikishachapishwa hatakuwapo kumfafanulia msomaji.

Wapo watakaodai kuwa ukali huwavunja moyo chipukizi. Katika karne ya 19, Muyaka bin Haji wa Mombasa alijibizana kwa tungo na washairi wa Lamu, wala hawakubembelezana. Sisi tunaosomea uhakiki twaogopa kumwambia mwenzetu kwamba msuko wake umelegea!

Mswada wangu ungali mezani. Natafuta wasomaji watano.