Kinamasi na mwenye kulipa gharama yake



Katika mazungumzo yetu juu ya utunzaji wa viumbe, mara nyingi twasikia hukumu hii: mkulima anayechimba mfereji kinamasini ni adui wa uumbaji. Sisi hatuko tayari kuikubali upesi. Tutazame kwanza yaliyotukia Uingereza, miaka arobaini hivi iliyopita, mahali paitwapo Halvergate, katika Norfolk.

Halvergate ni tambarare ya majani iliyo chini kuliko bahari inapojaa. Ng'ombe hulishwa humo tangu zamani, na mifereji yenye maji hushika nafasi ya ua kati ya malisho. Watetezi wa mazingira husahau kwamba malisho hayo yenyewe yalipatikana kwa kukausha. Bila kuta za udongo, na vinu vya upepo, kisha mashine, vya kutoa maji, pangekuwa kinamasi kitupu. Basi swali halikuwa kukausha au kutokausha, bali maji yasimame kwa kimo gani. Yakiwa karibu na uso wa ardhi, udongo hubaki laini, na ndege huuchoma kwa midomo yao mirefu wakitafuta minyoo. Yakishushwa sana, udongo hukakamaa, trekta huingia, ngano hupandwa, na ndege huondoka.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakulima wengi walitaka kuyashusha. Je, ilikuwa tamaa tu? La. Serikali iliwapa ruzuku ya kukausha, na Jumuiya ya Ulaya iliwahakikishia bei ya ngano. Kisha sheria ya mwaka 1981 ikaleta dawa ya ajabu: mkulima aliyekubali kuacha mpango wake wa kukausha alilipwa faida ambayo angeipata. Lipimeni jambo hilo. Aliyetishia kuharibu alilipwa. Jirani yake, aliyeendelea kuchunga kimya, hakupata kitu. Huko Somerset, mwaka 1983, wakulima wenye hasira walichoma moto sanamu za maofisa wa uhifadhi. Kitendo hicho hatukisifu, ila twaelewa kilikotoka: waliambiwa ardhi yao ina thamani kwa wote, bila kuulizwa wao wataishije.

Mwaka 1985 ukaanzishwa mpango wa majaribio wa miaka mitatu. Kila mwenye malisho aliyekubali kutunza majani na kulisha mifugo kwa kiasi kilichowekwa alipewa pauni 50 kwa ekari kila mwaka. Walio wengi waliingia, na kuanzia 1987 mfano huo ulipelekwa sehemu nyingine za nchi. Mpango ulikuwa na kasoro: uliyaokoa majani, lakini haukuyarudisha maji. Baadaye ikabidi kutoa malipo makubwa zaidi kwa wale waliokubali maji yapandishwe. Hata hivyo msingi ulikuwa sawa, kwani alilipwa anayetunza, si anayetishia.

Kwetu katika milima ya Kivu hakuna pauni. Wakati wa kiangazi, mlima ukikauka, mama hushuka bondeni, huchimba mifereji midogo, huinua matuta, hupanda maharagwe na mboga, na humo hutoka karo ya watoto. Sisi tuliofundisha miaka mingi twajua ni wanafunzi wangapi walirudi darasani kwa sababu ya matuta hayo. Twajua pia kwamba bonde lililokaushwa lote halihifadhi tena maji ya mvua, na chemchemi za jirani hupungua. Mambo haya mawili ni kweli kwa pamoja, na hatuoni haki kumbebesha mama huyo peke yake gharama ya kulihifadhi bonde.

Basi yeyote kati yenu atakayependekeza kikundini kuifunga mifereji ya bondeni, aende kwanza kuketi na wenye matuta, kisha atuletee majibu: ni sehemu gani ibaki na maji, na wale watakaoiacha watapanda wapi kiangazi kijacho?