ZABUNI ISITANGULIE RAMANI



Uchaguzi ukikaribia, mawe ya msingi huwa mengi kuliko majengo yanayokwisha. Sisi hatupingi ujenzi, na wanaotusingizia hivyo wanajua kuwa wasema uongo. Tunalolipinga ni desturi ya kumwita mkandarasi kabla mwenye kazi hajajua anataka nini, juu ya ardhi ya nani, na kwa fedha ipi.

Mwenye duka akiagiza mali Dubai kwa kusema tu "niletee nguo nzuri", ataletewa zilizomdodea muuzaji, na kwa bei aipendayo muuzaji. Zabuni ni hivyo hivyo. Mkandarasi asiyeonyeshwa udongo ulivyo hufanya moja katika mawili: ama hupandisha bei ajikinge na asilolijua, ama hutaja bei ndogo apate kazi, kisha kila sururu ikigonga jiwe huleta dai jipya. Hili la pili ndilo ovu zaidi, maana saini imekwisha tiwa na mwenye kazi hana pa kukimbilia.

Tutazame bara, katika nchi ya Shinyanga na Geita, ambako Waislamu, Wakristo na wachimba dhahabu wa kila kabila huchangia shida moja ya maji. Mwaka 2009 ulifunguliwa mradi wa kuyaleta maji ya Ziwa Viktoria kutoka Ihelele, Misungwi, hadi Kahama na Shinyanga. Katika kazi ile swali la kwanza halikuwa bei ya mabomba, lilikuwa: maji haya ni ya nani? Mapatano ya mwaka 1929 baina ya Uingereza na Misri yalitaka Misri iridhie kwanza kazi yoyote ya kuyapunguza maji yaendayo Nile. Tanganyika ilikwisha kutamka mwaka 1962 kwamba haifungwi na mapatano ya mkoloni. Basi Misri iliponung'unika, mwenye kazi alikuwa na jibu lililotimia miaka 40. Hapo, ingawa sisi ni wapinzani, tunampa haki mwenye haki.

Daraja la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, katika njia iendayo Geita, liliwekewa jiwe la msingi Disemba 2019 kwa mkataba wa miezi 48. Likafunguliwa Juni 2025. Hatumtaji mkosa. Lakini mwananchi anayelipa ana haki ya kuuliza: katika miezi iliyozidi, mingapi ni ya mkandarasi, na mingapi ni ya matayarisho?

Na asidhani mtu kuwa ugonjwa huu ni wa Mwafrika. Mwaka 1946 Waingereza walituma watu kuipima Tanganyika kwa mpango wa karanga, wakamaliza kwa wiki 9. Mwaka uliofuata matrekta yakaingia Kongwa, na baadaye Urambo, jirani na Shinyanga. Mvua ilipokatika udongo wa Kongwa ukawa mgumu kama tofali; bandari na reli ya Mtwara zilikuwa bado. Januari 1951 mpango ukaachwa, na pauni milioni 36 zikapotea.

Hapa kwetu, jengo la tatu la abiria katika uwanja wa ndege lilianza kujengwa mwaka 2011, tukalingoja takriban miaka kumi. Nalo lilijengwa kwa mkopo. Aya ndefu kuliko zote katika Kurani ni ile ya deni, nayo yaamrisha kuandika. Vipi basi deni la watu wote lifichwe katika mafaili?

Kwa hiyo tunataka, kabla ya tangazo lolote la zabuni, Wawakilishi waonyeshwe khabari ya udongo, ramani iliyokamilika, hesabu ya vifaa, orodha ya wenye mashamba na fidia waliyokwisha kulipwa, na masharti ya mkopo. Tawi lenye ujenzi mtaani mwake liandike maswali haya na kumfikishia katibu kabla ya mkutano ujao.