Wino unaoparuza wamnyima mchapaji mdogo soko la fulana

KILA inapokaribia Nane Nane, vyama vya ushirika, wauza mbegu na halmashauri huagiza fulana zenye nembo. Mchapaji mdogo mwenye mashine ya mkono angeweza kuipata kazi hiyo hapo hapo mjini kwake. Hata hivyo, oda nyingi humponyoka kwa sababu chapa yake inaparuza. Mteja akipitisha kiganja juu ya nembo anahisi kama kuna mchanga.

Tuchukulie mfano wa oda ya fulana 100. Fulana tupu ni Sh5,000 kila moja, yaani Sh500,000. Wino, umeme na kibarua viwe Sh100,000. Akiuza kwa Sh7,000 anapata Sh700,000, faida Sh100,000. Mteja akikataa fulana 10 tu, faida inashuka hadi Sh30,000. Akikataa 15, mchapaji amekula mtaji wake.

Chanzo cha tatizo ni nini? Kitambaa cha pamba kina vinyweleo. Wino ukikandamizwa mno huzama ndani, na vinyweleo husimama juu yake. Wengi wakiona hivyo huongeza nguvu ya mkono, na hapo ndipo wanapozidi kuharibu.

Kwa wanaotumia wino wa plastisoli, hatua ni hizi. Kwanza, ukoroge hadi ulainike, kwa kuwa ukikaa huwa mzito. Pili, wavu uwe umewambwa vizuri na fremu iachwe milimita 2 hadi 3 juu ya fulana, ili wavu uachie mara mpira unapopita. Makali ya mpira yasiwe yamelika.

Tatu, chapa mkono wa kwanza na uupashe joto kwa sekunde chache, hadi usinate kidoleni. Kisha weka karatasi ya tefloni juu yake na ukandamize kwa mashine ya pasi kwa muda mfupi. Vinyweleo vitalala. Acha ipoe kidogo ndipo ubandue, halafu chapa mkono wa pili, mwembamba.

Kulainisha huku si kuivisha. Plastisoli nyingi huhitaji joto la nyuzi 160 hivi za Selsiasi lifike hadi ndani ya wino. Soma maelekezo ya kopo. Usipoivisha, nembo itapasuka baada ya kufuliwa hata kama ilitoka laini.

Jambo hili linamgusa pia mkulima wa pamba wa Shinyanga na Simiyu. Uzi wa nyuzi fupi huwa na vinyweleo vingi kuliko uzi wa nyuzi ndefu, na pamba chafu huharibu uzi tangu kiwandani. Tanzania bado inauza nje sehemu kubwa ya pamba yake ikiwa ghafi, hivyo thamani ya kusokota, kushona na kuchapa huvunwa na wengine.

Kwa maoni yangu, vikundi vya wachapaji vichangie mashine moja ya pasi badala ya kila mmoja kuhangaika peke yake, na SIDO na VETA zikazanie mafunzo ya hatua hizi. Nao wanunuzi wa umma wapime sampuli iliyofuliwa kabla ya kuamua kuagiza mbali. Mchapaji atakayepeleka sampuli ya namna hiyo mapema, kabla ya Agosti, ana nafasi nzuri ya kupata oda.