Mwandiko wa Baba Ubaoni

Waliogundua kwanza ni watoto wa darasa la nne. Baba yangu ni mwalimu wa shule ya msingi huko Itilima, mkoani Simiyu, na mwandiko wake ulikuwa ukisifiwa hadi na wakaguzi. Mwaka juzi wanafunzi wakaanza kunong'ona kwamba mwalimu anaandika kama mtu aliye ndani ya basi. Chaki zikawa zinamdondoka. Nyumbani mama akawa anamfunga vifungo vya shati, na sisi tukamtania kwamba mzee siku hizi anadeka.

Kumbe ugwe mgongo ulikuwa unabanwa shingoni.

Ilichukua miezi kumi na minne kulijua hilo. Alipimwa taifodi, akachomwa sindano za vitamini, akapigwa eksirei ya shingo na kuambiwa ni mifupa ya uzee. Waganga nao walipita, hayo tuyaache. Shingo haikumuuma sana, na nadhani ndiyo iliyotuponza: nani atawaza shingo wakati kinachogoma ni kidole?

Eksirei inaonyesha mifupa vizuri, ila ugwe wenyewe, ule mshipa mkuu wa fahamu unaopita ndani ya pingili, hauonekani. MRI ndiyo inayouonyesha, kwa sumaku kali na mawimbi ya redio. Mwanza, ndipo tulipoona diski ilivyousukuma ugwe wa baba, na doa jeupe katikati yake. Daktari alituambia kwamba upasuaji kazi yake kubwa ni kuzuia hali isizidi. Kinachorudi hutegemea umechelewa kiasi gani.

Wiki mbili zilizopita, kwenye vimbweta, jamaa yangu wa udaktari alitueleza kuhusu MRI za kisasa zaidi. Ipo inayofuatilia maji yanavyotembea ndani ya ugwe: nyuzi za fahamu zikiwa nzima maji hufuata njia yao, zikiharibika hutawanyika ovyo. Umuhimu wake ni kwamba watu wengi wenye umri mkubwa wana ugwe uliobanwa kidogo na hawaumwi chochote, na picha ya kawaida haisemi nani kati yao atazidiwa. Kwa sehemu kubwa bado ni mambo ya utafiti. Jamaa akamalizia kwamba Bariadi nayo ipate mashine ya namna hiyo.

Sipingi. Ije hata kesho. Ila ingekuwa imefungwa pale Nyaumata, kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa, baba angeipita kwa baiskeli miezi kumi na minne hiyohiyo akienda kuchomwa vitamini, maana hakuna aliyemwandikia aende. Mashine haimwoni mtu ambaye hajatumwa kwake.

Wakati kipimo cha kuanzia hakina bei. Nyosha mkono, fumba ngumi na kufumbua kabisa, haraka uwezavyo, kwa sekunde 10. Mtu mzima mwenye afya hufikisha mara 20 au zaidi. Halafu tembea kwenye mstari, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma yake. Kushindwa si uthibitisho wa ugonjwa, lakini ukijumlisha na ganzi ya mikono na miguu inayoyumba, ni sababu tosha ya kuandikiwa rufaa. Kila zahanati ya Meatu na Maswa inaweza kufanya hivyo leo, umeme uwepo usiwepo.

Baba ana kadi ya bima kwa sababu ni mtumishi. Mkulima wa pamba jirani yetu hana. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa 2023, na naiombea ifike hadi kwake. Lakini hata akiwa na kadi, atahitaji mtu wa kumwambia kwamba kikombe kinachomponyoka si uzee. Sisi wa ualimu tunaokwenda mazoezi ya kufundisha mwezi ujao tutakaa na walimu wazee ofisini kutwa nzima. Wenzetu wa udaktari watupe nusu saa tu, watufundishe dalili.

Baba alifanyiwa upasuaji. Anatembea vizuri, vifungo bado anafungwa. Likizo iliyopita nilishika saa nikamhesabia ngumi: kumi na tatu. Akasema nimekosea, nihesabu tena.