JIBU LIFIKE DELTA

Wazee wetu walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Hawakusema mgeni aje, mwenyeji aunguliwe dungu lake.

Mwishoni mwa mwaka 2011, Kibiti ilipokuwa bado haijawa wilaya, madungu ya wakulima wa mpunga katika Delta ya Rufiji yalitiwa moto na watumishi wa misitu. Shirika la WWF, ambalo lilikuwa na kazi ya kuhifadhi mikoko huko, likalaumiwa kwamba mpango wake ndio uliowafungulia njia waliochoma. Wakati uo huo likakabiliwa na lawama ya pili: kwamba watumishi wake hapa nchini walikuwa wamefuja fedha, zikiwamo zilizotolewa na Serikali ya Norway.

Kuhusu fedha, twasema haki. Shirika liliita wakaguzi, na mwaka 2012 likakiri kwamba ufujaji ulikuwapo. Baadhi ya watumishi wakaondolewa. Mwenye kukosa akakiri hastahili kupigwa mara mbili. Fedha zile ni jasho la wafanyakazi wa Norway, waliokatwa kodi kama sisi tunavyokatwa, nao waliambiwa kilichotokea.

Lakini mkulima wa Salale aliambiwa nini?

Kuhusu madungu, WWF ilijibu kwamba haikuchoma wala haikutuma mtu kuchoma, na kwamba amri ya kuwaondoa watu msituni ni ya Serikali. Wataalamu wawili waliokuwa wameandika kwamba biashara ya hewa ya ukaa ingewafukuza Warufiji walijibiwa na wataalamu wenzao mwaka 2013, katika jarida la kigeni. Nao wakajibu tena. Mabishano yote hayo yalikuwa kwa Kiingereza. Aliyepoteza dungu, jembe na mbegu hakuwa msomaji wa jarida lile.

Hatusemi kwamba mikoko ikatwe ovyo. Delta ile ina karibu nusu ya mikoko yote ya Tanzania Bara. Humo huzaliwa kamba na samaki, nayo huikinga pwani na mawimbi. Msitu ule umekuwa hifadhi tangu enzi za Mjerumani. Lakini Mrufiji naye hakuanza jana kulima. Anajua ni wapi maji matamu ya mto huosha chumvi, na anajua kwamba baada ya miaka michache kaa na magugu hulishinda shamba, akalazimika kufungua jingine. Mtu wa namna hiyo huitwa kikao, akaonyeshwa mpaka, akapewa mahali pengine pa kulima. Moto si barua ya kumwarifu.

Wala Serikali isijifiche nyuma ya mgeni, kama vile mgeni asivyopaswa kujificha nyuma ya Serikali. Mwaka 2008 Norway iliahidi nchi yetu kroni milioni 500 kwa ajili ya misitu na hali ya hewa. Fedha nyingi namna hiyo zikipita, kila mkono huwa na hamu ya kuonyesha kwamba umefanya kazi, na mkulima asiye na mtetezi ndiye kazi iliyo rahisi kuonyeshwa. "Si sisi" laweza kuwa neno la kweli, lakini halitoshi kwa mtu aliyekuja akisema, "Tuko pamoja nanyi."

Kwa hiyo twataka jambo moja, tena dogo. Shirika lolote linalopokea fedha za umma kwa jina la watu wa delta litoe hesabu yake mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, kwa Kiswahili, na kusomwa kwa sauti: kiasi kilichopokelewa, kilichotumika na aliyekitumia. Likilaumiwa, lijibu hapo hapo kwanza, ndipo liende kujibu Ulaya. Afisa wa misitu naye akae kwenye benchi lile lile, aulizwe.

Wanachama wetu wa matawi ya Kibiti wasingoje kuletewa mkutano huo. Wauitishe wao.