Bei Uliyoiona Siyo Utakayolipa: Tujifunze Kukata Tiketi Wenyewe

Kila msimu wa likizo ukikaribia swali huwa lilelile: tiketi niliiona kwa bei fulani, mbona nimelipa zaidi? Jibu fupi ni makato. Jibu refu wengi wetu tunalikwepa, kwa hiyo leo tunalisema wazi. Makato yanayotuumiza zaidi hayatozwi na shirika la ndege. Tunajitoza wenyewe kwa kuogopa kukata tiketi kwa mikono yetu.

Bei chee inavyoliwa

Mashirika ya bei nafuu kama Air Arabia na SalamAir yametusaidia, hilo hatulikatai. Lakini biashara yao ieleweke. Wanauza kiti kwa bei ndogo, halafu kila kingine kina bei yake. Ile namba kubwa unayoiona mwanzo mara nyingi ni yako wewe na begi dogo la mkononi tu. Begi la kupakia chini ya ndege, kuchagua siti, chakula, bima, ujumbe wa simu, vyote vinaongezwa ukurasa baada ya ukurasa, na vingine utakuta vimeshatiwa tiki kabla hujagusa kitu.

Tuchukue mfano. Namba hizi tumeziweka sisi ili hesabu ionekane. Dada wa kazi za ndani Muscat analipwa riali 90 kwa mwezi, anafanya kazi siku 26. Siku yake moja ni kama riali 3 na nusu. Ameona tiketi ya kwenda Dar kwa riali 62. Begi la kupakia riali 12, siti riali 3, bima riali 2 na nusu, ada ya malipo riali 2. Mwisho analipa riali 81 na nusu.

Begi analihitaji, maana hawezi kurudi nyumbani mikono mitupu baada ya miaka miwili. Hilo tulitoe. Vingine vitatu ni riali 7 na nusu, zaidi ya siku mbili za kuamka alfajiri na kulala saa sita usiku. Siti hakuihitaji, maana hata usipochagua utapewa tu, labda iwe ya katikati. Bima inaweza kuwa na maana, lakini ni wangapi wamesoma inalipa nini? Ndiyo maana tunashauri uhesabu ada kwa siku za kazi. Riali 3 ukiisema kama riali 3 inaonekana kitu kidogo. Ukiisema "siku moja ya kupiga pasi", mkono unasita kabla ya kubofya.

Kwa begi lenyewe, linunue pamoja na tiketi, siku ileile. Kulipia mzigo kaunta siku ya safari ndiyo njia ghali kuliko zote, na kilo zilizozidi hutozwa moja moja. Pima begi nyumbani. Mzani mdogo wa kuning'iniza unauzwa bei ndogo, na watu sita wa chumba kimoja wanaweza kuchangia mmoja.

Sarafu: makato yasiyo na jina

Kuna ada ambayo haiandikwi kabisa. Tovuti inaonyesha bei kwa dirham, wewe kadi yako ni ya Oman. Mwishoni inakuuliza kwa upole: je, ungependa kulipa kwa sarafu yako? Wengi tunabofya ndiyo, kwa sababu riali tunaielewa. Hapo ndipo mtu anapokula.

Bahati nzuri sarafu nyingi za Ghuba zimefungwa kwenye dola, kwa hiyo huwezi kudanganywa ukizijua namba. Riali 1 ya Oman ni kama dola 2.60. Dola 1 ni kama dirham 3.67, riali 3.75 za Saudia, au riali 3.64 za Qatar. Kwa hesabu hiyo riali 1 ya Oman ni kama dirham 9.55. Tiketi ya dirham 700 basi ni kama riali 73. Ukiona tovuti inakuambia riali 76 na nusu, hizo 3 na ushee siyo nauli wala kodi. Umetozwa kwa kubadilishiwa sarafu. Benki yako nayo inaweza kukukata kwa malipo ya sarafu ya nje, kwa hiyo uliza kiasi chake kabla, ulinganishe, kisha uchague kilicho kidogo. Mara nyingi kulipa kwa sarafu ya tovuti na kuiachia benki yako ibadilishe hutoka nafuu. Na kama shirika linakuruhusu kuchagua nchi uliyopo na sarafu yake tangu mwanzo, jaribu hilo kwanza.

Kaunta au mtandaoni? Inategemea uliko

Hapa watu wanashauriana vibaya kwa sababu kila mmoja anasema ya nchi yake.

Ghuba, kukata mtandaoni kwa shirika lenyewe ndiyo kawaida ya bei ndogo. Ukipiga simu au ukienda ofisini, mara nyingi unaongezewa ada ya huduma. Asiye na kadi asikate tamaa: baadhi ya mashirika hukuruhusu kushika nafasi kwa muda, kisha ukalipe taslimu kwenye duka la kubadilisha fedha. Uliza hilo duka unakotumia kutuma pesa nyumbani. Uliza pia wanachaji kiasi gani.

Marekani kwa baadhi ya mashirika mambo yako kinyume. Allegiant, ambalo wenzetu Wakongomani wa Iowa na Michigan wanalifahamu, huongeza ada kwa anayekata mtandaoni, na ada hiyo haipo ukinunua kaunta ya uwanja wa ndege. Familia ya watu watano, kwenda na kurudi, inaona tofauti. Lakini kaunta hizo zina saa chache za kuuza, na mafuta ya gari nayo ni pesa. Ukiwa peke yako na uwanja uko mbali, baki nyumbani ulipe ada. Marekani kuna haki nyingine ya kujua: ukinunua moja kwa moja kwa shirika, siku 7 au zaidi kabla ya safari, shirika lazima likuruhusu ama kufuta ndani ya saa 24 ukarudishiwa pesa yote, ama kushikiliwa nafasi saa 24 bila kulipa.

Uingereza, tangu tarehe 13 Januari 2018, ni marufuku kukuongezea bei kwa sababu tu umelipa kwa kadi yako binafsi. Mawakala wa mtandaoni bado wanaweza kuweka ada yao ya huduma, kwa hiyo soma jumla ya mwisho. Na ukisafiri na Ryanair, fanya chekini mtandaoni kabla hujatoka nyumbani. Ukiifanya uwanjani unatozwa pesa ambayo wakati mwingine inazidi nauli yenyewe.

Jamaa wa WhatsApp

Sasa tuje kwenye lile tunalolikwepa. Kila mji wa Ghuba una jamaa anayekata tiketi kwa simu. Unamtumia picha ya pasipoti na pesa, yeye anakutumia karatasi. Wengine ni watu wema na wamewasaidia wengi usiku wa misiba. Hao hatuwasemi. Tunachosema ni kwamba riali 10 anazoweka juu, kwa dada wa mfano wetu, ni karibu siku tatu za kazi, kwa shughuli ya dakika kumi na tano. Na pesa hiyo ndiyo hasara ndogo.

Hasara kubwa ni kwamba tiketi inakaa kwenye barua pepe yake na namba yake ya simu. Ndege ikibadilishiwa saa, taarifa inakwenda kwake. Safari ikifutwa na shirika, pesa inarudi kwenye kadi yake. Wewe umekaa unasubiri, yeye anasema "bado hawajarudisha". Utamshitaki wapi, na kwa karatasi gani?

Ukilazimika kumtumia, mpe masharti mepesi. Kwanza, aseme nauli ni ngapi na yake ni ngapi, mbalimbali. Pili, aweke barua pepe yako na namba yako. Tatu, akupe namba ya bukingi, zile herufi na tarakimu sita. Ukiwa nayo pamoja na jina lako la ukoo, fungua mwenyewe tovuti ya shirika uangalie: imelipiwa? kilo ngapi? tarehe ipi? Karatasi yenye saa na jina lako siyo ushahidi kwamba imelipiwa, maana hata nafasi iliyoshikwa tu hutoa karatasi. Mtu mwaminifu hatachukia ukiangalia.

Na unapotafuta mwenyewe, jihadhari na yale majina ya juu kabisa kwenye Google. Mengi ni matangazo ya mawakala. Andika anwani ya shirika moja kwa moja, au tumia programu yake ya simu. Wakala wa mtandaoni akiwa nafuu kwa riali moja, jiulize ukitaka kubadili tarehe utazungumza na nani. Rahisi ni ghali, wazee walishasema.

Makosa mawili yanayozidi ada zote

Jina. Andika kama lilivyo kwenye pasipoti, si kama unavyoitwa nyumbani. Wengi wetu tuna majina matatu, na visanduku vya tovuti ni viwili. La mwisho liende kwenye jina la ukoo, mengine yote kwenye la kwanza. Soma herufi moja moja kabla ya kulipa, mpe na mwenzako asome. Ukigundua kosa, wasiliana na shirika siku hiyohiyo, usingoje uwanjani.

Tarehe. Tiketi ya bei ya chini kabisa mara nyingi hairudishiwi pesa, na kubadili tarehe kunatozwa ada pamoja na tofauti ya nauli. Sasa bosi anakuambia "utakwenda baada ya Idi", wewe unakimbilia ofa, halafu wiki ya safari mgeni anakuja nyumbani na likizo inasogezwa. Usikate tiketi ya namna hiyo mpaka tarehe imekubaliwa kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu tu. Kama bosi wako ni wa kubadilika badilika, nauli inayoruhusu mabadiliko inaweza kuwa ghali mwanzo na nafuu mwisho.

Na kabla ya yote hayo, soma mkataba. Mikataba mingi ya kazi za ndani Ghuba inamtaka mwajiri alipe tiketi ya kurudi nyumbani baada ya miaka miwili. Hakuna ujanja wa ada unaoshinda tiketi ambayo hukupaswa kuilipia kabisa. Uliza kwa heshima, mapema, mkataba ukiwa mkononi.

Tunachoomba

Tunajua vikwazo. Kuna dada ambaye simu anapewa usiku tu. Kuna fundi anayesoma Kiswahili vizuri ila tovuti ni Kiingereza na Kiarabu. Kuna asiye na kadi ya benki. Kumwambia mtu wa namna hiyo "jifunze" halafu ukaondoka ni dharau.

Kwa hiyo ombi letu tunaliweka kwa wale wanaojua. Kila kambi, kila kikundi cha kuweka akiba, kila chama cha mazishi kina angalau mtu mmoja aliyewahi kukata tiketi mwenyewe. Ijumaa moja akae na wawili, simu wakishika wao, yeye akielekeza kwa mdomo tu. Wafike mpaka ukurasa wa kulipa, waangalie tiki zilizowekwa, wapige hesabu ya sarafu, kisha wafunge bila kulipa. Mara mbili za namna hiyo zinatosha kuondoa woga. Na asichukue pesa kwa hilo. Akitaka soda, anunuliwe.

Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba hichohicho hutobolewa kwa haba na haba. Siku mbili huku, siku tatu kule, na mwaka ukiisha umefanya kazi wiki nzima kulipia vitu usivyovijua jina. Wiki hiyo ni mabati, ni ada ya mtoto, ni dawa za mama. Kabla ya kubofya "lipa", soma jumla mara ya mwisho, toa nauli, kilichobaki kigeuze siku za kazi. Ukiona siku hizo unazitoa kwa moyo mkunjufu, lipa. Ukiona roho inauma, rudi ukurasa mmoja nyuma.