Moyo Mpya wa Mzee Datsun

Kaka, najua una Datsun 240Z imelala chini ya turubai, na unaota kuitia injini ya kisasa. Sikucheki. Gari hilo lilishinda Safari Rally mwaka 1971, likarudia 1973 usukani akiwa ameushika Shekhar Mehta. Kwa wazee wetu lilikuwa bomba kweli!

Injini yake ya asili ni silinda sita, lita 2.4, nguvu za farasi kama 150. Wengi hutia RB25DET ya Nissan Skyline: lita 2.5 yenye tabo, karibu farasi 250. Utamu! Ila hapa ndipo wanaume tunapochemsha, tunapiga hesabu ya injini peke yake. Ikishashushwa ndani ya boneti fundi anaanza: vishikio haviendani, rejeta ndogo, pampu ya mafuta haitoshi, propela shafti itengenezwe upya, na waya ndiyo usiseme. Breki nazo za enzi zile. Uongeze mbio usiongeze breki? Hapo unamtafuta Izraili. Bado namba ya injini kubadilishwa kwenye kadi.

Mimi yalinikuta. Pesa ya ukumbi wa harusi iliishia gereji, mchumba akajua siku ya kulipa. Hakugomba. Alivua pete, akaiweka juu ya injini mpya, akapanda daladala.

Ilinichukua miezi minane kumrudisha, na kila risiti nilimwonyesha, mpaka ya nati.

Injini ya zamani ninayo bado, nimeipaka grisi. Mama watoto ndiye aliyekataa isiuzwe.